Dume au jike? Jinsi vinasaba vinavyoongoza jinsia tumboni



Katika vijiji vyetu vya Korogwe na Handeni, ng'ombe akizaa au mama akijifungua, swali la kwanza ni lile lile: ni wa kike au wa kiume? Kwa mfugaji, jibu lina thamani ya fedha. Kaya iliyopata mtamba kwa mpango wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe hulipa deni kwa ndama jike wa kwanza, na maziwa ya kesho hutoka kwa ndama huyo. Kwa mama, jibu linaweza kuwa zito zaidi. Wako wanawake waliosemwa, waliotengwa na hata waliorudishwa kwao kwa sababu wamezaa wasichana watupu. Wako pia watoto waliofichwa ndani kwa sababu maumbile yao hayakueleweka siku ya kuzaliwa.

Katika toleo hili tumeona vema tueleze, kwa lugha nyepesi, jinsia inavyojengwa tumboni mwa wanyama wanaonyonyesha, binadamu akiwamo. Mwenye kuifahamu kazi hii ataepuka hasara zizini na ataepuka kumlaumu mtu asiye na hatia nyumbani.

Mamba, kuku na ng'ombe si sawa

Viumbe havitumii njia moja. Mamba wa Mto Pangani, unaopita hapa Korogwe, hutaga mayai na kuyafukia mchangani. Jinsia ya vitoto vyao hutegemea joto la kiota. Joto la kiasi fulani cha katikati hutoa madume wengi, na likipungua au likizidi hapo hutoka majike wengi.

Kuku ana mpango mwingine. Kwake, mbegu za jogoo ni za aina moja tu, bali mayai ya kuku jike ni ya aina mbili. Kwa hiyo kwa kuku ni mama anayeamua.

Kwa ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe na binadamu, mambo ni kinyume chake. Hapo ni mbegu ya baba inayoleta tofauti.

Mbegu ya baba ndiyo yenye aina mbili

Ndani ya kila chembe hai ya mwili kuna nyuzi ndogo mno zinazoitwa kromosomu. Juu ya nyuzi hizo kumepangwa vinasaba, ambavyo pia huitwa jeni, yaani maagizo ya kuujenga mwili. Binadamu ana kromosomu 46, yaani jozi 23. Ng'ombe na mbuzi wana 60 kila mmoja, kondoo ana 54 na nguruwe ana 38.

Jozi moja kati ya hizo ni ya jinsia. Jike ana X mbili. Dume ana X moja na Y moja, na hiyo Y ni fupi sana kuliko mwenzake. Yai la mama hubeba X siku zote, kwa kuwa mama hana kitu kingine cha kutoa. Mbegu za baba ziko za aina mbili: karibu nusu zina X na karibu nusu zina Y. Mbegu yenye X ikilifikia yai kwanza, mimba ni ya kike. Yenye Y ikitangulia, mimba ni ya kiume.

Basi, mama aliyezaa wasichana watano hakuwachagua. Lakini tusigeuze lawama tukamtupia baba, kwani naye hana uwezo wa kuchagua mbegu ipi itangulie. Ni kama kurusha sarafu. Ukirusha mara tano, nafasi ya kupata upande ule ule uliouchagua mara zote tano ni moja kati ya 32. Hiyo si nafasi ndogo. Katika wilaya yenye maelfu ya kaya, familia zenye wasichana watano mfululizo lazima ziwepo, na zenye wavulana watano vile vile.

Kwa ng'ombe, wataalamu wameitumia tofauti hii ya mbegu. Mbegu yenye X ina vinasaba vingi kidogo kuliko yenye Y, kwa karibu asilimia 4. Mashine maalumu huzitenganisha, na mfugaji anayetumia uhimilishaji anaweza kununua mbegu zilizochaguliwa ambazo hutoa ndama jike mara tisa hivi kati ya kumi. Bei yake ni kubwa kuliko ya mbegu za kawaida, na ng'ombe hushika mimba kwa urahisi mdogo kidogo. Ni vema kumuuliza afisa mifugo kabla ya kuamua.

Njia panda ya tumboni

Watu wengi hudhani kwamba mimba ikishakuwa na X mbili au X na Y, basi kazi imekwisha. Ukweli ni kwamba kazi ndiyo inaanza.

Katika wiki za mwanzo, mtoto wa binadamu aliyeko tumboni hana dalili ya uke wala uume. Ana tezi mbili za uzazi zinazoweza kuwa kokwa au kuwa ovari, yaani vifuko vya mayai. Ana pia seti mbili za mirija: moja inayoweza kuwa njia za kiume na nyingine inayoweza kuwa mji wa mimba na mirija yake. Kila mtoto, awe msichana au mvulana, hupitia hatua hiyo akiwa na vyote viwili.

Kuelekea wiki ya 7, njia hugawanyika. Kwenye kromosomu Y kuna kinasaba kimoja kinachoitwa SRY. Kinasaba hiki huwaka kwa muda mfupi tu, kama mtu anayewasha kibatari kisha akaondoka. Kikiwaka, huamsha kinasaba kingine kiitwacho SOX9, kilichopo kwa wake na waume. SOX9 kikishaamka na kupata nguvu hujiendeleza chenyewe, na tezi zile huanza kuwa kokwa.

Ugunduzi wa SRY ulitangazwa mwaka 1990 na watafiti wa London. Mwaka uliofuata walithibitisha kwa panya: walimtia panya mwenye X mbili kipande kidogo chenye kinasaba hicho, naye akakua akiwa dume mwenye kokwa. Kipande kimoja cha maagizo kilitosha kubadili njia nzima.

Kokwa changa zikishapatikana, zenyewe hutuma wajumbe wawili katika damu. Wajumbe hao ni homoni. Wa kwanza huziambia mirija ya kike inyauke. Wa pili, anayeitwa testosteroni, huziambia mirija ya kiume ikue na sehemu za nje zichukue umbo la kiume. Mwaka 1947 mtaalamu Mfaransa Alfred Jost alionyesha jambo hili kwa sungura. Aliondoa tezi za uzazi za vijusi vikiwa bado tumboni, kabla ya umbo kujitokeza. Vijusi vyote, hata vile vya kiume, vilipata mji wa mimba na umbo la nje la kike. Bila wajumbe wa kokwa, mwili hauchukui umbo la kiume.

Tunaomba msomaji ashike mpango huu: kromosomu huleta kinasaba, kinasaba hujenga tezi, tezi hutuma homoni, na homoni hujenga umbo. Ni ngazi yenye vipandio vinne. Karibu kila tatizo tutakalolieleza hapa chini ni kipandio kimoja kilichokwenda tofauti na vingine.

Ndama pacha: mtamba asiyezaa

Tuanze na hasara inayoweza kumpata mfugaji wa ng'ombe wa maziwa.

Ng'ombe akibeba mapacha, dume na jike, mara nyingi makondo yao ya nyuma huungana mapema na mishipa ya damu ikaingiliana. Kokwa za ndama dume huanza kazi mapema, kabla ovari za dada yake hazijakomaa. Wajumbe wa kokwa za kaka hupita kwenye mishipa hiyo na kuingia mwilini mwa dada. Chembe za damu za kaka, zenye Y, nazo huhamia kwake.

Matokeo ni kwamba mirija ya kike ya yule dada hunyauka na ovari zake hudumaa. Anazaliwa akionekana jike. Anakula, anakua, ananenepa, lakini haji joto na hatazaa kamwe. Kati ya mitamba 10 waliozaliwa pacha na dume, 9 au zaidi huwa hivyo. Hakuna dawa wala sindano ya kumponya, kwa kuwa viungo vya uzazi havikujengwa.

Kosa halikuwa kwenye vinasaba vyake. Vipandio vya chini vilikuwa sawa: ana X mbili. Ni homoni za jirani zilizomfikia. Jambo hili liliwashangaza wataalamu kwa muda mrefu. Daktari John Hunter wa London aliandika habari za ndama hawa mwaka 1779, lakini sababu ya damu kuchanganyika ilielezwa mwanzoni mwa karne ya 20.

Mfugaji afanyeje? Kwanza, aandike siku ile ile kwamba ndama ni pacha wa dume. Kumbukumbu hii hupotea haraka, hasa ndama dume akifa au akiuzwa mapema. Pili, amwite afisa mifugo katika mwezi wa kwanza. Mtaalamu hutumia kijiti laini, safi, kilichopakwa jeli, kupima kina cha uke. Kwa ndama wa kawaida wa umri huo, kijiti huingia kiasi cha sentimita 13 hadi 15. Kwa yule asiyezaa huishia sentimita 5 hadi 8 hivi. Mfugaji asijaribu mwenyewe, kwani anaweza kumuumiza ndama. Palipo na maabara, kipimo cha damu hutoa jibu la uhakika zaidi. Dalili nyingine ni uke mdogo wenye nywele ndefu chini yake na chuchu zisizokua.

Akithibitika kuwa hazai, anenepeshwe na auzwe kwa nyama. Kumlisha miaka mitatu kwa kungoja mimba ni kumwaga majani na pumba bure. Ndama dume mwenyewe kwa kawaida anaweza kupandisha, ila wengine mbegu zao ni dhaifu, hivyo si wa kuchaguliwa kuwa dume la kijiji.

Vikundi vya kopa ng'ombe lipa ng'ombe tunavishauri viandike katika mkataba: ndama jike aliyezaliwa pacha na dume asitumike kulipia deni mpaka apimwe. Kaya inayofuata inangoja maziwa, na ikipokea mtamba asiyezaa huvunjika moyo na kuuona mpango wote kuwa ni ulaghai.

Hapa tuongeze neno kwa wazazi. Binadamu hawapati tatizo hili. Msichana aliyezaliwa pacha na kaka yake anaweza kuzaa kama wengine. Asizuiwe kuolewa wala asisemwe.

Mbuzi wasio na pembe

Zamani ilidhaniwa kwamba ovari hujijenga yenyewe tu pale SRY inapokosekana. Leo tunajua kwamba njia ya kike nayo ina maagizo yake na walinzi wake. Mmoja wa walinzi hao ni kinasaba kinachoitwa FOXL2. Mwaka 2009 watafiti walikizima katika panya majike wazima, na chembe za ovari zao zikaanza kugeuka kuwa kama za kokwa. Yaani ovari hujengwa, kisha hulindwa maisha yote.

Mbuzi wa maziwa ndio waliosaidia sana kukifahamu kinasaba hiki. Katika mbuzi wa Ulaya kama Saanen na Toggenburg, wako wanaozaliwa bila pembe. Mwaka 2001 watafiti wa Ufaransa walieleza kwamba badiliko lile lile linaloondoa pembe huzima pia FOXL2 katika ovari changa. Mbuzi jike aliyerithi badiliko hilo kwa mzazi mmoja hana shida: hana pembe na anazaa. Aliyelirithi kwa baba na kwa mama hukosa mlinzi wa ovari. Ingawa ana X mbili na hana SRY, tezi zake hugeuka kuwa kama kokwa. Huzaliwa huntha, yaani mwenye umbo la mchanganyiko, au hufanana na beberu, na hazai.

Tanzania imepokea mbuzi wa maziwa kwa miaka mingi. Mbuzi wa Norway walifikishwa Mgeta, Morogoro, na Toggenburg walifikishwa Babati. Mfugaji akipata beberu asiye na pembe hufurahi, kwa kuwa haumizi wenzake. Akimpandisha kwa mbuzi wetu wa kienyeji wenye pembe, kizazi cha kwanza hutoka salama. Shida huja kizazi cha pili, pale binti zake wasio na pembe wanapopandishwa na beberu mwingine asiye na pembe, au na baba yao mwenyewe. Hapo, kwa wastani, kitoto 1 kati ya 8 hutoka huntha. Beberu akiwa amerithi badiliko hilo pande zote mbili, idadi huwa kubwa zaidi.

Kinga yake haina gharama: katika kila kupandisha, mzazi mmoja awe amezaliwa na pembe. Tunasisitiza neno "amezaliwa". Mbuzi aliyechomwa pembe akiwa mdogo bado ni mbuzi wa pembe kwa vinasaba vyake. Kwa hiyo ukinunua beberu, uliza kama alizaliwa hivyo au alichomwa. Ng'ombe na kondoo wasio na pembe hawana tatizo hili.

Mtoto wa binadamu

Ngazi ile ile ya vipandio vinne ndiyo inayomjenga mtoto wetu, na wakati mwingine kipandio kimoja hutofautiana. Wako wanaume wenye X mbili na Y moja. Wengi hawajui mpaka wanapokosa mtoto na kupimwa. Wako wanawake wenye X moja tu, ambao huwa wafupi na mara nyingi hawapati hedhi bila tiba. Wako wasichana wenye X na Y, ambao kokwa zao zilituma testosteroni lakini mwili haukuweza kuisikia. Wamezaliwa na wamelelewa kama wasichana, na hujulikana pale hedhi isipokuja. Msichana aliyefika miaka 15 bila hedhi apelekwe kwa daktari. Asipelekwe kwa mganga, wala asiharakishwe kuozwa "ili ifunguke".

Hali moja inahitaji haraka kuliko zote. Mtoto wa kike mwenye X mbili na ovari kamili anaweza kuwa na upungufu katika tezi zilizo juu ya figo. Kimeng'enya kimoja kinapokosekana, tezi hizo humwaga homoni za kiume kwa wingi, na sehemu za siri huonekana kama za mvulana, ila kokwa hazipapasiki. Katika aina kali ya ugonjwa huu mwili hupoteza chumvi. Kati ya wiki ya kwanza na ya tatu mtoto hutapika, hulegea, hupungua uzito na anaweza kufa. Mtoto wa kiume naye huupata ugonjwa huu, naye haonyeshi dalili yoyote katika umbo. Dawa zipo, za kila siku, na mtoto anayezipata hukua. Kwa sababu hiyo tunasema wazi: mtoto mchanga ambaye jinsia yake haieleweki apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kumficha kwa aibu kunaweza kumuua.

Upungufu huo hurithiwa kwa baba na mama kwa pamoja, nao wenyewe ni wazima. Hakuna aliyekosa. Si laana ya ukoo, wala si malipo ya dhambi ya mama.

Jirani zetu wa Kenya wamepiga hatua. Katika sensa ya mwaka 2019 waliwahesabu watu wenye jinsia tata, na 1,524 waliandikwa. Sheria yao ya Watoto ya mwaka 2022 inawatambua watoto hawa na kuwalinda. Kwetu, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mtoto haki ya kuishi bila kubaguliwa, na neno "kila mtoto" halina ubaguzi. Madaktari wengi sasa wanashauri pia kwamba upasuaji wa kurekebisha umbo usifanywe kwa haraka pale ambapo afya ya mtoto haiko hatarini, ili naye akikua awe na sauti.

Mambo ya kukumbuka

1. Mama hutoa X tu. Mbegu ya baba huleta X au Y, na hakuna anayechagua.
2. Ndama jike pacha wa dume aandikwe na apimwe katika mwezi wa kwanza. Asilipiwe deni kabla ya hapo.
3. Usipandishe mbuzi asiye na pembe kwa mbuzi asiye na pembe.
4. Mtoto mchanga mwenye umbo lisiloeleweka apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hasa akitapika au akilegea.
5. Msichana wa miaka 15 asiyepata hedhi amwone daktari.

Tunawaomba viongozi wa vikundi na wakunga wa jadi waisome makala hii kwa sauti katika mikutano yao, na wanaojua kusoma wawasomee wasiojua. Ndama asiyezaa tunaweza kumuuza. Mtoto ni amana, na kazi yetu ni kumlea alivyo.